IMS mbili, hifadhidata moja: panga DBRC ukiwaza siku ya kurejesha

IMS (mfumo wa hifadhidata wa IBM kwenye mainframe) ikiwa moja, hata DBRC, sehemu yake inayosimamia logi na urejeshaji, ukiisanidi kivivu mambo yanakwenda. Logi, yaani kumbukumbu ya kila badiliko, ni moja, iko kwa mfululizo, na hifadhidata ikiharibika unachukua nakala rudufu ya mwisho, unaitilia logi juu yake, umemaliza. Kasheshe huanza wakubwa wanapotaka IMS ya pili kwenye LPAR nyingine (sehemu ya mainframe inayojitegemea kama mashine), zote ziandike kwenye hifadhidata zile zile, ili moja ikizimwa kwa matengenezo wateja wasijue. Katika kazi hizi nilizoshiriki, nimezoea kukuta watu wamehangaika sana na IRLM, msimamizi wa kufuli za data, na kufuli zake, halafu mipangilio ya DBRC wameinakili tu kutoka mfumo wa zamani.

Kila IMS inaandika logi yake. Bloku moja inaweza kubadilishwa na IMS A, sekunde moja baadaye ikaguswa na B, kisha A tena. Ni kama makarani wawili wa akaunti moja, kila mmoja na daftari lake: ukisoma la kwanza mpaka mwisho ndipo ufungue la pili, salio utakalopata si la kweli. DFSURDB0, programu ya kurejesha, haiyachanganyi madaftari hayo. DBRC ikiona logi za mifumo miwili zimepishana, inakukatalia mpaka upitishe kwanza mkusanyo wa mabadiliko, yaani DFSUCUM0, unaoyapanga mabadiliko katika mfuatano wake halisi.

Kwa hiyo SHARELVL(3), inayoruhusu IMS za mashine tofauti kuandika hifadhidata moja, ukishaiandika, kaa chini na INIT.CAGRP, amri ya kuunda makundi ya mkusanyo. Seti moja ya data haiwezi kuwa kwenye makundi mawili, kwa hiyo mgawanyo unahitaji kufikiriwa. Mimi huweka pamoja vitu vinavyorejeshwa pamoja: hifadhidata ya wateja, faharasa zake, na zile zilizounganishwa nayo. Nimekuta mahali wamepanga kwa alfabeti. Inapendeza kwa macho, lakini siku ya ajali unaendesha makundi matatu ili upate hifadhidata mbili. Na mkusanyo wenyewe uwe kazi ya kila siku kwenye ratiba, la sivyo utakuja kuchambua logi za wiki nzima huku simu zinaita.

Kuna hali moja ambayo lazima muijaribu kabla ya kwenda hewani. Kwenye zoezi moja tulimwacha jamaa wa zamu aiangushe B kwa makusudi, kisha tukajifanya hifadhidata imeharibika. GENJCL.CA ikatoa JCL (maagizo ya kuendesha kazi) ya mkusanyo, kazi ikapita, kila mtu akatabasamu. Tulipoomba GENJCL.RECOV, ile ya kurejesha, tukagonga mwamba: logi ya mwisho ya B ilikuwa bado wazi, kwa hiyo RECON, seti za data ambamo DBRC huweka rekodi zake, ilirekodi kwamba mkusanyo ule haujakamilika. Mkusanyo wa namna hiyo unafaa tu kuwa pembejeo ya mkusanyo unaofuata. Dawa yake ni kuirudisha B kwa /ERE (amri ya kuwasha upya baada ya ajali), au kuifunga logi hiyo kwa programu ya DFSULTR0, kisha kuihifadhi kwa GENJCL.ARCHIVE na kurudia mkusanyo. Upande wa A nao una kazi: /DBR, amri ya kuiondoa hifadhidata kazini, iguse mifumo yote, na usiweke NOFEOV, inayozuia kuhamia logi mpya, ili logi igeuzwe na ile iliyotangulia ihifadhiwe. Mfuatano huu uandikwe kwenye karatasi ya zamu kama ulivyo. Saa tisa usiku hakuna anayeukumbuka.

RECON sasa. Ziko tatu, zote VSAM KSDS (faili zenye ufunguo): mbili zinafanya kazi, ya tatu ni akiba. Kila moja iwe kwenye diski yake, na ikiwezekana katalogi yake. Zipe ukubwa tofauti ili zisijae kwa mpigo, na akiba isiwe ndogo kuliko wenzake. RECON1 ikipata hitilafu, DBRC inahamia kwenye akiba na kazi zinaendelea, na hapo huna akiba tena. Ndiyo maana naweka LIST.RECON STATUS, amri inayoonyesha hali ya RECON, kwenye kazi za asubuhi, na mtu mwenye jina la kuisoma. Kuifuta ile iliyotupwa na kuitengeneza upya kunasubiri kila IMS na kila kazi ya bechi iiachie. Taarifa ya kiotomatiki kupitia SCI, njia ya mawasiliano kati ya IMS, inaharakisha jambo hilo, ila jina la IMSplex (kundi la IMS zinazoshirikiana) liwekwe ndani ya DSPSCIX0, programu ndogo ambayo DBRC huisoma. Ukilitegemea kwenye JCL, kutakuwa na kazi moja ya zamani iliyosahaulika, na itanyimwa RECON mwisho wa mwezi.

Kuhusu GRS, sehemu ya z/OS inayopanga zamu za kutumia rasilimali, muite mtu wa z/OS (mfumo endeshi wa mainframe) mapema mkae naye. Rasilimali DSPURI01, ambayo DBRC huishika inapotumia RECON, itendewe vile vile kwenye mifumo yote, vinginevyo LPAR moja itaishikilia diski na nyingine zote zitakodoa macho.

GENMAX na RECOVPD, idadi ya nakala rudufu na muda wa kuzitunza, si za kuumiza kichwa: hesabu nakala unazohitaji, ongeza kidogo.

Mtauliza juu ya IMS Database Recovery Facility ya IBM, maana inachanganya logi yenyewe bila kungoja mkusanyo. Ni nzuri, na kama ipo itumieni. Mimi bado ningeyaacha makundi ya CAGRP mahali pake, na ningehakikisha kwanza kama leseni yake inafika mpaka kituo cha dharura.