Kisu cha springi: msasa kwanza, dawa baadaye

Ndugu yangu, umeuliza uchukue dawa ya kung'arishia ya kijani au nyekundu kwa kisu chako ulichotengeneza kwa springi ya gari. Chukua ya kijani. Hiyo ina kromiamu oksaidi, inakiweza chuma kigumu. Nyekundu ni laini mno, waachie masonara na dhahabu yao. Tena waulize hao hao masonara wananunua wapi dawa: inauzwa kipande kigumu kama sabuni ya kufulia.

Ila nakusihi, usiikimbilie. Dawa haifuti mikwaruzo ya grenda, inaifanya ing'ae tu. Piga msasa kwa mkono, namba 220, kisha 400, kisha 800, na kila namba ubadilishe mwelekeo mpaka mistari ya namba iliyotangulia iishe kabisa. Mimi niliwahi kuruka 400. Kisu kilipendeza kivulini, nilipokipeleka dirishani mistari yote ikajitokeza, nikaanza upya.

Ukifika kwenye dawa, ambayo hupakwa kwenye gurudumu la kitambaa linalozunguka, makali yaelekee kule gurudumu linakoelekea, yasilikabili kamwe. Likiyanasa, kisu kinarushwa na kinaweza kukuua. Kikianza kuchoma vidole, chovya majini. Kikigeuka rangi ya bluu, ugumu wake umeshapotea.