Usiku wa jalidi kwenye mitufaha: kwa wanaoanza kazi Michigan

Ndugu yangu uliyepata kazi kwenye mashamba ya matufaha hapa Michigan, hasa huku Fruit Ridge, kaskazini-magharibi ya Grand Rapids, nakuandikia haya uyasome kabla miti haijachanua. Ukianza kazi msimu wa kuchuma, Septemba na Oktoba, ni rahisi kudhani kwamba kazi yenyewe ni ngazi na mfuko wa kuchumia. Lakini kama kutakuwa na cha kuchuma au la, hilo huamuliwa Aprili na Mei, usiku wa manane, mti ukiwa na maua tu.

Kama umekulia Makete, Njombe au Kinangop, jalidi unaijua: unaamka asubuhi unakuta majani ya viazi yameungua. Hapa ni baridi ileile, ila kinachoumia ni kingine. Mtufaha wenyewe hauogopi baridi. Januari unasimama kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri na hauna neno. Kinachokufa ni moyo wa ua, na kadiri tumba linavyofunguka ndivyo linavyozidi kuwa dhaifu. Tumba likiwa limeonyesha ncha ya kijani tu, inahitajika baridi ya karibu nyuzi 8 chini ya sifuri kuua moja katika kila kumi. Maua yakishafunguka, nyuzi 2 chini ya sifuri zinatosha kuua moja katika kumi, na zikifika 4, yanakufa tisa katika kumi. Bosi wako atakutajia kwa Farenhaiti: 28 na 25. Zikariri namba hizo mbili. Nyuzi tatu tu za Farenhaiti zinatenganisha hasara ndogo na shamba tupu, na ndiyo maana utaona watu wazima wakibishana saa tisa usiku juu ya nusu nyuzi.

Mwaka unaotajwa sana huku ni 2012. Machi ya mwaka ule ilikuja na joto la kiangazi, zaidi ya nyuzi 25 za Selsiasi siku kadhaa mfululizo, na miti ikadanganyika, ikaamka wiki kadhaa kabla ya wakati wake. Aprili jalidi ikarudi, usiku mmoja baada ya mwingine, ikakuta maua wazi. Jimbo linalozoea kuvuna busheli milioni 20 na zaidi (busheli ya matufaha ni kama kilo 19) likabaki na chini ya milioni 3. Cheri chungu nazo zilipotea karibu zote. Kwa hiyo usishangae ukimwona mwenye shamba ana uso wa wasiwasi siku ya Machi yenye jua zuri huku wewe unafurahia kuvua koti. Joto la mapema ndilo linaloutoa ua nje kabla baridi haijaisha.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Usiku wa jalidi, jiulize: joto liko wapi? Usiku ukiwa shwari, anga halina wingu wala upepo haupo, ardhi inatoa joto lake kwenda angani bila kizuizi. Hewa iliyo karibu na ardhi inapoa, inakuwa nzito, inateremka taratibu kuelekea mabondeni na kutuama huko. Wakati huohuo, mita 10 au 15 juu ya kichwa chako, kuna hewa iliyo na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. Kwa hiyo joto liko ardhini, liko juu, na liko ndani ya maji. Kila kazi utakayotumwa usiku ule ni ya kulitoa mahali pamojawapo na kulifikisha kwenye ua. Ukilielewa hilo, hutahitaji kusimamiwa kila dakika.

Joto la ardhini hushughulikiwa mchana, tena siku nyingi kabla. Utaambiwa ukate nyasi ziwe fupi kabisa, hata kama hakuna dalili ya jalidi, na utadhani ni usafi wa shamba. Nyasi ndefu huzuia jua lisiupashe udongo moto mchana. Udongo wenye unyevu, ulioshikamana, hushika joto vizuri; uliolimwa jana na kuachwa mabonge makavu haushiki. Kwa hiyo trekta la kulima lisiguswe wiki hizo. Halafu shuka hadi mwisho wa mteremko uangalie kama kuna vichaka, rundo la matawi au masanduku yaliyopangwa ukuta mzima. Hewa baridi inatiririka, na ukiiwekea boma chini, inajaa nyuma ya boma hilo hadi kwenye maua. Hakuna mashine itakayokusaidia kwa bei nafuu kuliko kusafisha njia hiyo.

Joto la juu ni kazi ya mafeni. Utayaona yamesimama juu ya minara ya kama mita 10, moja likihudumia takriban ekari 10, injini yake ya gesi au dizeli. Feni halitengenezi joto hata kidogo. Linaivuta ile hewa ya juu na kuichanganya na ya chini, basi. Ndiyo maana halifai kila usiku. Kuna baridi nyingine inayoletwa na upepo kutoka kaskazini, hewa yote imepoa kuanzia chini hadi juu, na hapo hakuna joto la kuteremshwa. Kuliwasha ni kupoteza mafuta. Kabla ya kuwasha, linganisha kipimajoto cha chini na kile kilichowekwa juu ya mnara kama kipo. Washa kabla maua hayajafika kwenye kiwango cha hatari. Jioni, hakikisha tangi lina gesi ya usiku kucha na betri ni nzima. Vaa viziba masikio, na usisogelee mapanga yakizunguka kwa sababu yoyote ile.

Maji ndiyo yanayowachanganya wageni, na hapa naomba uende taratibu. Maji yanapoganda hutoa joto, kama kalori 80 kwa kila gramu. Ua lililofunikwa na barafu inayoendelea kupokea maji mapya hubaki karibu na sifuri, na sifuri haiui ua. Lakini maji yanapogeuka mvuke hufanya kinyume: hunyang'anya joto zaidi ya mara saba ya lile yanalotoa yakiganda. Hii ina maana kwamba ukiwasha vinyunyizio kwa kuchelewa hewa ikiwa kavu, au pampu ikizimika saa tisa na isiwake tena, ua litapoa kuliko kama usingemwagia chochote. Kwenye mashamba yenye mfumo wa kunyunyiza kutoka juu, kazi ya usiku ni moja: maji yasikatike. Tembea kwenye mistari na tochi, tazama nozeli (mdomo wa kinyunyizio) iliyoziba kwa barafu, igonge barafu itoke. Itazame barafu yenyewe. Ikiwa angavu kama kioo, ukiona ua ndani yake, maji yanatosha. Ikiwa nyeupe kama maziwa, hayatoshi. Piga simu kwa msimamizi papo hapo. Jua likichomoza usikimbilie kufunga. Subiri barafu ianze kulegea na kuanguka yenyewe kutoka kwenye matawi.

Mfumo huu haupo kila shamba kwa sababu unakula maji kupita kiasi. Milimita 3 kwa saa ni lita 30,000 kwa hekta moja, kila saa, hadi asubuhi. Bila bwawa kubwa haiwezekani. Na uzito wa barafu huvunja matawi ya miti michanga isiyoegemezwa.

Watu wengi hutazama namba moja tu kwenye simu: baridi ya chini kabisa inayotabiriwa. Tazama pia kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kutunga matone. Kikiwa karibu na sifuri, umande utatunga mapema, nao unapotunga hutoa joto na kupunguza kasi ya hewa kupoa. Kikiwa chini sana, hewa ni kavu na vipimajoto vitaporomoka kwa saa moja hadi ushtuke. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kina mtandao wa vituo vya hali ya hewa uitwao Enviroweather. Tafuta kituo kilicho karibu na shamba lako, usitegemee utabiri wa mjini. Grand Rapids ina lami na majengo yanayoshika joto, na bondeni kwenu hamna.

Hata hivyo kituo hakikai kwenye mti wako. Kipimajoto cha shambani ndicho cha kuamini, na kabla ya msimu hupimwa hivi: jaza ndoo barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo iwe kama uji mzito, koroga, tumbukiza kipimajoto, subiri dakika chache. Lazima kisome 0 ya Selsiasi, au 32 ya Farenhaiti. Kikisoma 34, andika kwenye utepe uubandike mgongoni mwake, ili usiku usome na kutoa mbili. Kiweke kwenye kimo cha maua, na kimojawapo kiwe mahali pa chini kabisa pa shamba.

Kuhusu moto: mtu atakwambia washa matairi moshi ufunike shamba. Usifanye. Moshi hauzuii joto la ardhi kupotea, na majirani wataupumua. Joto la moto wenyewe husaidia, lakini mioto midogo mingi ni bora kuliko mkubwa mmoja, kwa kuwa ule mkubwa hurusha joto lake lote juu na kupotea. Ufaransa, Aprili 2021, wakulima waliwasha maelfu ya mishumaa mikubwa kati ya mizabibu na miti ya matunda, usiku baada ya usiku, na bado nchi ilipata hasara kubwa mno. Baridi ikizidi kiwango fulani, moto unaokoa sehemu tu.

Asubuhi usihukumu kwa macho. Petali nyeupe zinaweza kusimama nzuri huku ndani kumekufa. Ngoja saa chache barafu iyeyuke na kilichokufa kibadilike rangi, kisha chukua wembe, kata ua katikati kwa upana. Kati kukiwa kijani, lipo hai. Kukiwa kahawia au kweusi, limekwenda. Kata maua ya matawi ya chini na ya juu, ya bondeni na ya kilimani, na kila aina ya tufaha kivyake, kwa sababu chini huumia zaidi na hesabu ya sehemu moja hudanganya. Andika kivyake hesabu ya ua la katikati ya kishada, lile linalofunguka kwanza na kuzaa tunda kubwa. Mara nyingi hilo ndilo limekufa na yale ya pembeni yamebaki. Mpe msimamizi namba hizo zilivyo, hata kama ni mbaya. Ataamua kwa hizo kama dawa ya kupunguza matunda ipigwe mwaka huu au iachwe, na kama amwite mtu wa bima.