Wasomaji Wauliza: Kuizunguka Ireland kwa Basi la Watalii

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu ni walimu wastaafu, tunaishi Tudor, Mombasa. Binti yetu ni muuguzi huko Dublin, naye anataka kutulipia safari ya siku 8 kwa basi la watalii lenye kiongozi wake, mwezi wa Juni. Ametuletea ratiba mbili. Ya kwanza inazunguka kisiwa kizima, pamoja na Belfast na Giant's Causeway, na karibu kila usiku tunalala hoteli nyingine. Ya pili inakwenda kusini na magharibi peke yake, kwa hoteli tatu. Binti anaipenda ya kwanza kwa kuwa tutaona yote. Mume wangu, aliyekuwa akifundisha historia, ana goti linalomsumbua, na sote wawili tuna wasiwasi juu ya chakula. Tuchague ipi?
Mama wa Tudor

JIBU: Waalaykumu salaam, Mama. Chagueni ya pili, nami naanza na sababu ambayo vipeperushi vya safari huipitia juu juu, nayo ni mpaka.

Kisiwa cha Ireland kimegawanyika kati ya Jamhuri ya Ireland, inayotumia yuro, na Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza na inatumia pauni. Ukitoka Dublin kwenda Belfast kwa basi hukuti kizuizi cha mpakani. Unatambua kuwa umevuka pale vibao vya barabarani vinapoacha kuhesabu kilomita na kuanza maili. Sheria, hata hivyo, iko pale pale. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Ireland kwa upande mmoja na ya Uingereza kwa upande wa pili, na kama viza yenu ya Ireland ni ya kuingia mara moja tu, kule kuvuka kwenda kaskazini kunahesabiwa kuwa mmetoka nchini, hivyo hamna ruhusa ya kurudi Dublin kwa viza hiyo hiyo. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haiwasaidii, kwani Ireland haimo katika mpango huo. Giant's Causeway ni mahali pa ajabu kweli, na zile nguzo zake zipatazo 40,000 za mawe meusi yaliyotokana na lava iliyopoa hazina mfano, lakini sioni haja ya wazee wawili kugharamia viza mbili kwa ajili ya siku mbili za safari. Kwa sababu hiyo hiyo, tafuteni ndege inayopitia Istanbul au nchi za Ghuba badala ya London, ambako Mkenya anahitaji kibali hata kwa kubadilisha ndege tu. Maombi ya viza ya Ireland hayapokelewi mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya safari; yatumeni mara tu muda huo unapofika.

Kuhusu goti, basi lenyewe si tatizo. Sheria za Ulaya zinamlazimu dereva apumzike dakika 45 kwa kila saa nne u nusu za kuendesha, na mabasi ya watalii husimama mara nyingi kuliko hivyo. Kinachomchosha mtu mzima ni kufunga na kufungua mizigo. Katika safari yangu nililala hoteli sita kwa siku saba, begi likitakiwa nje ya mlango kila alfajiri, na hadi leo ipo miji miwili niliyolala ambayo siwezi kuikumbuka hata sura yake. Hoteli tatu zitampa mzee asubuhi moja au mbili za kubaki chini akinywa chai huku wengine wakipanda vilima.

Mtapita jimbo la Kerry, ambako barabara maarufu ya Ring of Kerry ina urefu wa kilomita 179, sawa na kutoka Mombasa hadi Malindi na kurudi nusu ya njia, ila inakula siku nzima. Mabasi huizunguka kwa mwelekeo mmoja, kinyume cha saa, kwa kuwa kuna mahali ambapo mawili hayawezi kupishana. Mwambieni kiongozi mapema kwamba mzee alifundisha historia, awaelekeze ilipo Banna Strand, karibu na Tralee. Katika ufuo huo ndipo Roger Casement, aliyeufichulia ulimwengu ukatili wa Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika ripoti yake ya mwaka 1904, alipoteremka kutoka katika nyambizi ya Kijerumani Aprili 1916 ili kuupigania uhuru wa Ireland. Alikamatwa siku hiyo hiyo, na Agosti akanyongwa London.

Katika jimbo la Clare kila basi husimama kwenye magenge ya Moher, yanayofikia mita 214 juu ya bahari, nanyi mtayafurahia mkiwa na sweta na koti la mvua, hata kama ni Juni. Mimi, hata hivyo, nawasihi mziangalie pia kuta za mashambani, ambazo wengi huziona kupitia dirishani tu. Zimepangwa kwa mawe matupu, bila chokaa wala saruji. Ukiinama karibu unaona mwanga ukipenya baina ya jiwe na jiwe, na ukitega sikio unasikia upepo ukipita humo. Matundu hayo ndiyo yanayozisimamisha, kwani upepo wa Atlantiki hupenya badala ya kuzisukuma. Sisi tuliozoea kuta nene za matumbawe na chokaa za Mji wa Kale tungeona ni kazi isiyokamilika. Baadhi yake zilijengwa na watu wenye njaa waliolipwa ujira wa kubahatisha wakati wa njaa kuu ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza mashambani huku vyakula vingine vikiendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine kama hao wakahama.

Kwa chakula, julisheni kampuni kwa maandishi wakati wa kulipia. Kifungua kinywa cha hotelini kina soseji na nyama ya nguruwe, na kile kipande cheusi cha mviringo sahanini kimetengenezwa kwa damu. Mayai, uji wa shayiri, samaki na mkate wao wa magadi vitawatosha, ila ulizeni kuhusu supu ya samaki, kwani wapishi wengine huitia nyama ya nguruwe. Jua la Juni huko magharibi huzama karibu saa nne za usiku, basi msiisubiri sala ya Magharibi kwa saa mliyoizoea.

SWALI: Mimi huendesha gari kila siku hapa Changamwe. Kwa nini nisikodi gari langu huko Ireland badala ya kufungwa na ratiba ya basi?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Unaweza, ndugu yangu, wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na leseni ya Kenya inakubaliwa kwa mgeni wa muda mfupi. Ila barabara za magharibi zimebanwa na kuta na vichaka pande zote mbili, na atakayeshika usukani hataiona bahari. Kama mko wanne na mnapokezana, kodini.