Ukikutana na staa wako usiishie kusema "nakukubali sana"

Mi nna picha moja kwenye simu siwezi kuifuta na wala siwezi kumuonyesha mtu. Nimesimama na mpiga gita la solo ambae nimemsikiliza tangu niko mdogo, jamaa kaangalia pembeni, mi nimefumba macho, na mkono wa baunsa umeziba kona yote ya juu. Basi hiyo ndo kumbukumbu pekee niliyonayo ya mtu ambae miaka yote nilikua nasema nikimpata dakika tano tu sitaki kingine. Sikupata tano, nilipata kama sekunde ishirini hivi, na ndani ya hizo ishirini nikasema "nakukubali sana kaka" mara tatu. Mara tatu! Akasema asante asante, akanigonga bega, akasogea kwa anayefuata.

Kilichoniuma sio picha. Ni kwamba yule mtu nilikua na maswali yake kibao, kuna ngoma yake moja gita linaingia kabla hata mwimbaji hajamaliza sentensi, kama linamkatisha vile, na nimejiuliza hilo jambo tangu enzi za kaseti, alafu nimesimama nae uso kwa uso nikamwambia kitu ambacho kila mtu kwenye ile foleni alikua kashamwambia.

Kwahiyo haya ntakayosema nimejifunza kwa kukosea, baada ya hapo nimekutana na wanamuziki kadhaa, wengine wakubwa wengine wa kawaida tu.

Cha kwanza na mimi naona ndo kikubwa kuliko vyote, nenda na swali MOJA, dogo, la kazi yake. Liwe swali ambalo mtu asiyemsikiliza hawezi kuliuliza. "Ulianzaje muziki" kashaulizwa mpaka kachoka, atakujibu huku anatafuta gari lake liko wapi. Mi nilikuja kumkuta mpiga besi wa bendi flani baada ya shoo anakunja nyaya mwenyewe, hakuna hata mtu mmoja karibu yake, nikamuuliza samahani kaka, ile ngoma yenu ya pili kwenye albamu, mbona ubeti mzima wa kwanza besi haipo? Akauweka waya chini. Akacheka kwanza. Kumbe siku wanarekodi ampu ilizima katikati, wenzake hawakusimama wakaendelea kupiga, waliporudi kusikiliza wakaona lile pengo limekaa vizuri kuliko walivyopanga, wakaliacha. Akaanza kunionyesha kwa vidole juu ya spika vile ambavyo angepiga, tukakaa pale karibu nusu saa mpaka meneja akaja kumwita. Picha hata sikukumbuka kupiga.

Na hapo hapo unaona kitu kingine, watu wa nyuma. Sote tunamkimbilia mwimbaji, wakati mpiga dramu, mpiga besi, waitikiaji, wamesimama pembeni wanakunywa maji na hakuna anayewasumbua, na wao ndo wanajua ngoma ilivyopikwa. Mfano mzuri kwangu ni Tony Allen, aliyekua mpiga dramu wa Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria. Fela mwenyewe alishasema bila Tony Allen kusingekua na Afrobeat, ule mtindo wao wa muziki, na Fela hakua mtu wa kugawa sifa ovyo. Tony kafariki 2020. Ningempata ningemuuliza kitu kimoja tu, ile mikono miwili na miguu miwili kila kimoja kinakwenda na safari yake kama watu wanne tofauti, je alikua anavihesabu au alishaacha kuhesabu? Lakini nahisi kwenye zile shoo za zamani ningekua mimi pia ningempita palepale nikakimbilie kwa Fela mwenye saksafoni.

Muda nao uangalie. Kabla ya shoo usimsogelee mwimbaji kabisa, pale anatunza sauti, wengine hawaongei hata na wenzao, na wewe unataka akurekodie meseji ya besdei ya mdogo wako. Akishuka tu jukwaani pia bado, kalowa jasho, masikio yanapiga kelele, mwache avute pumzi. Ikipita nusu saa ndo anakua mtu. Shoo ndogo ni bora kuliko kubwa, na kama kuna semina au darasa la kupiga chombo nenda hata kama wewe hupigi chochote, pale wamekuja kuongea.

Wachekeshaji ni habari nyingine. Ukimkuta mchekeshaji usimwambie "hebu tuchekeshe", nakuomba sana. Nna rafiki yangu anafanya hiyo kazi, anasema alishaambiwa hivyo akiwa msibani. Mi mchekeshaji nnayetamani kukaa nae ni Rowan Atkinson, yule Mr. Bean. Jamaa kasoma uhandisi wa umeme mpaka Oxford, na ameshaeleza wazi kwamba ana kigugumizi, na ile tamthilia yenyewe iliyoanza 1990 ilikua na vipindi 15 tu, hebu fikiria, 15, na dunia nzima inamjua. Asilimia kubwa wakimwona lazima wanamuomba akunje sura. Mi ningemuuliza kuhusu kimya, anajuaje kwamba hapa nikae kimya sekunde mbili, hapa nne, na ikizidi kidogo tu kichekesho kinakufa.

Haraka haraka kuhusu matapeli maana na mimi nusura waniweke mfukoni. Kuna akaunti yenye picha ya mwimbaji nnayempenda ilinitumia meseji, habari yako shabiki wangu mpendwa, nikajiona nimechaguliwa bana, siku ya tatu ikaomba hela ya "kadi ya shabiki" ili nikutane nae. Hakuna staa anaekufuata inboksi kukuomba hela ya kukutana nae, hayupo. Na hata zile tiketi halali za kukutana na msanii soma vizuri umenunua nini, nyingi ni picha kwenye foleni, ukifika unasimama kwenye alama, flashi, haya twende. Kama unataka maongezi hiyo sio yenyewe.

Alafu kuna wengine ni bora usikutane nao. Mmoja (jina naliacha) nilimwona anamfokea kijana anayembebea vyombo, kwa kosa la kijinga kabisa, mbele za watu, nikageuka hata salamu sikutoa. Nikakaa karibu mwaka sijapiga ngoma zake. Siku moja ikapigwa redioni nikajikuta naitikia kiitikio chote, nikasema aah, wimbo haukumfokea mtu.

Ila kama yupo unaemtamani kweli, usingoje. Nilikua na orodha yangu kabisa, nimeiandika. Bi Kidude alikuwemo, akafariki 2013. Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, alikuwemo, akafariki tarehe 23 Januari 2018. Oliver Mtukudzi, mwimbaji wa Zimbabwe, nae alikuwemo, nae akafariki tarehe 23 Januari, 2019, tarehe ileile mwaka mmoja baadae, siku hiyo niliikunja ile karatasi nikaiweka. Swali la Masekela ndo linaniuma zaidi. Akiwa kijana mdogo miaka ya 1950 Afrika Kusini alikua kwenye bendi ya vijana iliyoanzishwa kwa msaada wa padri Trevor Huddleston, na Louis Armstrong, yule gwiji wa tarumbeta ya jazi, aliwatumia tarumbeta yake kutoka Marekani. Kila mtu alikua anamuuliza siasa na maisha ya uhamishoni, sawa, ni mambo makubwa. Mi nilitaka kujua tu, siku ya kwanza anaiweka mdomoni tarumbeta iliyotoka mdomoni kwa Armstrong, alipiga noti gani? Au aliogopa kupuliza?

Sasa hivi juu ya orodha yupo Angélique Kidjo. Aliondoka Benin 1983 akaenda Ufaransa na mpaka leo anaimba Kifoni na Kiyoruba, lugha za kwao, mbele ya watu ambao hawaelewi hata neno, na wanaitikia. Nataka nimuulize akiimba vile ni neno lipi moja anatamani waondoke nalo. Nimeshalibadilisha hilo swali mara nne, lipo kwenye simu. Na lile la mpiga gita lipo pia, juu yake kidogo, maana jamaa bado yuko hai na bado anapiga shoo, na safari hii baunsa nitasimama upande wake mwingine.