Unataka Uuguzi wa Jeshi? Anza na Karo

Wauguzi wa kaunti walipogoma mwaka 2017, kwa takriban miezi mitano, nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi hapa Nakuru. Mafunzo yetu kwenye wadi za hospitali yalisimama, tukarudi nyumbani kukaa. Jirani yetu kule Pipeline alikuwa muuguzi wa jeshi. Kila alfajiri nilimwona akielekea barabarani kusubiri matatu, buti zinang'aa. Mimi huyo nikaamua: jeshini nitaenda.

Jioni moja nilimwendea. Alikuwa ameketi kwenye stuli mlangoni, anasugua buti kwa soksi kuukuu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mdogo wangu, unataka jeshi, ama umechoka na mgomo?"

Nilikosa jibu. Akanieleza kwamba mwanajeshi hagomi; hata Katiba ya 2010, kwenye ibara ya 24, inaruhusu sheria impunguzie haki za wafanyakazi. Na kwamba kule Eldoret, makuruti wanakofunzwa, hakuna aliyemwita sista. Alikuwa kuruti tu: bunduki, matope, kukimbia na kufokewa. Sindano alizirudia baadaye. Hata ukishapangiwa hospitali, bado unaweza kutumwa mbali. Vikosi vyetu viliingia Somalia Oktoba 2011, na majeruhi wanahitaji mtu wa kuwafunga vidonda. Basi jiulize kwanza kama unaweza kuwa askari. Uuguzi unao tayari.

Ukiona unaweza, usiache masomo ukaingie kama kuruti wa kawaida. Wenye diploma huitwa kama mafundi wa taaluma zao. Wenye digrii huomba nafasi za makadeti wa kitaaluma, yaani wanaofunzwa kuwa maafisa, ambao hufunzwa hapa hapa Nakuru, kule Lanet. Matangazo ya usajili ya miaka ya karibuni yamekuwa yakikubali wenye taaluma hadi umri wa miaka 30, kwa hiyo kuna muda wa kumaliza, kufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi na kupata leseni. Dada zangu, mimba hairuhusiwi wakati wa usajili wala mafunzo. Panga mapema.

Kosa langu mimi lilikuwa la kijinga. Tangazo lilipotoka nilikuwa nimefuzu, pumzi ninayo, nimefanya mazoezi miezi mitatu kwenye barabara ya Njoro. Siku ya usajili afisa akaomba vyeti asilia. Nilikuwa na nakala tu. Chuo kilikuwa kimezuia cheti kwa sababu ya karo niliyobakiza. Aliirudisha bahasha yangu bila hata kuninunia, akaita mwingine.

Jioni ile ile mtu alinipigia simu, eti ana "mjomba" makao makuu, nitume pesa. Usajili ni bure, jamani. Pesa hiyo ningelipia karo.

Kama uko mwaka wa pili sasa, nenda kwa mhasibu wa chuo Jumatatu, uulize salio lako. Tangazo likishatoka huwa yamebaki majuma machache tu kabla ya usajili, na cheti changu kilichukua miezi minne kutoka.