Anzeni na mwenye ploti

Swali lenu la wiki hii lilikuwa nani anafaa kuangalia afya na usalama wa wazee wanaokaa kwa ploti na fleti zetu za kupanga: familia, serikali ama majirani. Wengi najua watalaumu watoto walioenda Nairobi wakaacha mama, wengine watasema serikali, na ni kweli Katiba kifungu cha 57 kinataka familia na serikali zote mbili ziwatunze. Lakini kuna mtu mmoja hamkumweka kwa hiyo orodha na ndiye anakula kodi kila tarehe tano. Mwenye ploti. Nasema hivi nikiwa keateka, yaani msimamizi wa ploti, hapa Free Area, Nakuru, na kama bosi wangu anasoma hii basi asome tu.

Siku hizi wazee wamejaa kwa fleti. Zamani mtu alikuwa anastaafu anarudi ushago, sasa shamba liliuzwa kitambo, ama mtoto amemtoa Molo huko akamleta karibu na hospitali, unapata shosho wa miaka sabini na kitu yuko gorofa ya tatu na lifti hakuna. Shirika la Afya Duniani linasema kuanguka kunaua watu kama 684,000 kila mwaka, kwa upande wa ajali ni ya pili baada ya barabara, na wanaokufa zaidi ni wa miaka 60 kwenda juu. Na sisi tukiitisha mkutano wa wapangaji tunaongea tu wezi na maji.

Sasa ngazi. Nenda ploti yoyote uangalie stepu ya mwisho chini, mara nyingi fundi alikosa hesabu ikatoka ndefu ama fupi kuliko zingine. Kijana hata hajui, mguu unajipanga wenyewe. Mzee mwenye mtoto wa jicho ama goti bovu anashuka kwa mazoea, anakanyaga akijua sakafu iko hapo na haiko, anaenda chini, na nyonga ikivunjika umri huo ni upasuaji na kulala wiki na wiki, wengine hawatembei tena vile walikuwa wanatembea. Na ile chuma ya kushikilia unapata imeishia stepu mbili kabla ya hapo, kwa sababu mtu alikuwa anaokoa pesa! Chuma ifike chini kabisa na ukingo wa kila stepu upakwe rangi ya njano ionekane. Hiyo ni kazi ya fundi wa welding asubuhi moja na mkebe wa rangi, si mradi wa kaunti.

Taili nazo zinawekwa zile za kung'aa, ziko sawa kwa picha ya kutafuta wapangaji, halafu keateka anazimwagia sabuni ya unga Jumamosi asubuhi na kuziacha zikauke zenyewe wakati shosho ndio anatoka kwenda kanisa ama soko. Suuza, piga mopu kavu, ama osha wakati wazee wako ndani wamepumzika. Tunawajua ratiba zao wote, tusijifanye.

Mataa pia. Kuna wenye ploti wanazima taa za nje saa nne usiku eti tokeni ya stima inaisha. Sasa fikiria mzee wa presha, kati ya dawa zake kuna ile ya kutoa maji mwilini, akiimeza jioni ataamka usiku kukojoa, anasimama haraka presha inashuka kichwa kinazunguka, na choo chenyewe kiko mwisho wa ploti gizani. Aulize daktari kama anaweza kuimeza asubuhi, akae kidogo kando ya kitanda kabla ya kusimama, lakini balbu ni ya mwenye ploti hiyo hakuna kubishana. Na wale wanaonunua vidonge vya maumivu ya magoti kwa kemisti bila kusema wana presha, hizo diclofenac na ibuprofen zinapandisha presha na kuumiza figo, semeni kwanza.

Baridi ya Julai huku mnaijua. Jiko la makaa linaingizwa ndani dirisha linafungwa, hewa ya sumu ya makaa yaliyoshika haionekani wala hainuki na watu wanalala moja kwa moja, hawaamki. Jiko lilale nje, dirisha wazi pekee halitoshi, na wewe jirani ukiliona linaingia sema, usiogope kuitwa mwenye maneno mingi. Kufuli ya ndani ya grili ya mlango ndio hunikosesha usingizi zaidi, mzee akianguka ndani tutaingilia wapi? Ufunguo wa pili ukae kwa jirani anayemwamini, achague mwenyewe.

Ya mwisho ni geti. Tangu 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii, hawa mnaita CHP, mabegi yenye mashine ya kupima presha na sukari, wanazunguka nyumba kwa nyumba. Kwa ploti za wazi kule Kaptembwo wanaingia tu, lakini kwa fleti za geti soja anawarudisha, "mwenyewe hayuko". Wakati huo huo kijana amevaa tai, amebeba fomu, anasema ametumwa kusajili wazee kwa ile pesa ya serikali ya Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi, huyo anafunguliwa, na akifika juu anaitisha kitambulisho na PIN ya M-Pesa. Kwa hivyo soja apewe jina na namba ya CHP wa mtaa, huyo apite siku yoyote, na mwingine yeyote anayemtafuta mzee angoje hapo chini mpaka mtu wa familia apigiwe simu.