Nina H. pylori na mwili mzima unauma, je, vinahusiana?

Dada, umeuliza kama bakteria wa vidonda vya tumbo ndiye anayekufanya uamke umechoka, mabega, mgongo na miguu vyote vinauma na picha za eksirei hazionyeshi kitu. Nami nimeyapitia hayo.

Dozi ya siku 14 (omeprazoli ya kupunguza asidi, pamoja na antibayotiki amoksilini na klarithromaisini) iliniondolea kiungulia. Maumivu ya mwili yakabaki palepale. Wapo watafiti wanaomhusisha mdudu huyu na fibromayalgia, yaani ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima, lakini huku Afrika zaidi ya nusu ya watu wanaye, na wengi hawaumwi popote. Kumkuta kwa mtu anayeumwa mwili hakujathibitisha lolote.

Aliyenisaidia ni daktari aliyejiuliza huyo mdudu ameshaharibu nini. Tumbo lenye uvimbe wa muda mrefu linaweza kupunguza asidi, na asidi ikipungua mwili haufyonzi vizuri madini chuma wala vitamini B12 ya kwenye chakula. Hemoglobini yangu, yaani wingi wa damu, ilikuwa nzuri tu, na wengi wangeishia hapo. Akaagiza ferritini, yaani akiba ya chuma: iko chini kabisa. B12 nayo hivyo hivyo. Ganzi ya vidole na ule uchovu wa kujikokota viliondoka taratibu kwa vidonge vya chuma na sindano za B12.

Maumivu yaliyobaki ndiyo daktari aliyoyaita fibromayalgia. Ubongo na mishipa ya fahamu vinayakuza maumivu kupita kiasi, na hakuna kipimo cha damu cha kuithibitisha. Natumia amitriptilini kidogo usiku, natembea jioni hata nisipojisikia. Sijapona, ila usingizi ninaupata.

Diklofenaki kaa nayo mbali. Najua ndiyo utakayopewa duka la dawa ukisema mwili unauma, lakini kwa mwenye bakteria huyu inaongeza hatari ya kidonda kuvuja damu, na damu ikivuja chuma kinashuka tena. Paracetamoli ina nafuu kwa tumbo. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu ukimaliza dozi usihakikishe kwa kipimo cha damu, maana kingamwili hubaki muda mrefu hata mdudu akishakufa. Pima choo, angalau wiki 4 baada ya antibayotiki na wiki 2 bila omeprazoli. Wako watu humu wanarudia dozi kila mara kwa sababu ya kile kipimo cha damu tu.